Madam na Waya wa Chini ya Bahari

Kwa miaka yote minne aliyotufundisha Bayolojia, Madam alikuwa hajawahi kuiona bahari, na sikumbuki hata wiki moja kupita bila yeye kuitaja. Shule yetu ya wasichana ilikuwa kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Machakos, mahali ambapo maji ya mfereji yalikuja kwa zamu, Jumanne na Ijumaa, na ukikuta ndoo yako imejaa unamshukuru Mungu. Hapo ndipo mwanamke huyu mfupi, mwenye sweta la kijani na chaki kwenye nywele, alipotusimulia habari za papa na samaki aitwaye taa kwa namna watu wengine wanavyosimulia habari za majirani. Alijua nani anakula nini, nani anazaa na nani anataga, nani anashinda mchana kutwa amejifunika mchanga. Wasichana wa kidato cha kwanza waliamini amekulia pwani. Sisi wa kidato cha tatu tulijua ukweli, lakini hatukuwaambia, maana tuliona haya kwa niaba yake.

Mtu anayependa samaki wa mbali hivyo ungedhani anapenda na wa karibu. Wapi. Siku ya omena bwaloni, Madam alikula ugali kwa sukuma wiki, akakaa upande wa dirishani na leso puani, akijifanya ana mafua. Kwao Mwala, alituambia, watu wazima walihesabu samaki pamoja na nyoka, na yeye alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu bila kuweza kuiondoa hesabu hiyo tumboni. Maji nayo aliyaogopa. Tulipokwenda kukusanya wadudu kwenye kijito cha chini ya shule, maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu, ilibidi wasichana wawili wamshike mikono, mmoja kila upande, naye akavuka amefumba macho huku akitueleza jinsi aina fulani za papa zinavyoogelea maisha yao yote bila kusimama. Tulicheka mpaka tukakaribia kumwangusha. Yeye pia alicheka, ila macho hakuyafumbua.

Mwalimu mmoja aliyehamishiwa pwani alimtumia kichwa cha papa mdogo aliyekaushwa kwa chumvi, pamoja na kipande cha ngozi. Kilifungwa kwa magazeti na mifuko miwili ya plastiki, na bado harufu ilitangulia kufika. Maabara ilinuka muhula mzima, na mwalimu wa Fizikia, tuliyegawana naye chumba hicho, akaanza kufundishia nje kwenye nyasi. Madam hakujali. Alitupanga mstari, kila mmoja akapitisha kidole kwenye ile ngozi: ukielekea mkiani ni laini, ukirudi inakukwaruza kama msasa. Kisha akatuinamisha tutazame pua. Palikuwa na vitundu vingi vidogo, utadhani mtu amedungadunga kwa pini.

Ndani ya kila kitundu, alisema, kuna ute mzito, na kwa ute huo papa na taa huhisi umeme mdogo mno, ule unaotoka kwenye moyo na misuli ya kiumbe kilichojificha mchangani. Akazungusha kopo lake la mafuta ya kujipaka ili kila mtu achovye kidole na kujua ute wenyewe unafananaje. Tulipomaliza somo hilo mikono yote ilikuwa inang'aa. Taa, aliendelea, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, macho yake yako juu na mdomo uko chini, kwa hiyo chakula anachokila hakioni. Anakihisi tu. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, na mimi niliyekuwa nimekuja maabara nikiwaza chai ya saa nne, nilisahau chai.

Redio zilikatazwa bwenini, na kila mwalimu aliyekukamata alikuwa na adhabu yake. Madam alikuwa peke yake aliyekurudishia redio na kubaki na betri. Betri hizo tulizikuta maabara, zimefungwa waya kwa plasta, na tukalazimishwa kugusa ncha za waya kwa ulimi ili tujue umeme una ladha. Mwikali, niliyekaa naye dawati moja, msichana ambaye hakuweza kuacha kitu bila kukiuliza, alitaka kujua kama papa anaisikia ladha ile siku nzima au ni pale tu anapoitafuta. Madam aliandika swali kwenye kijitabu chake. Siku tatu baadaye aliingia darasani, akamtafuta kwa macho, akasema, “Mwikali, lile swali lako nimelitafutia jibu, sina.”

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na walimu wengine waliiona ni udhaifu. Alirudi baada ya siku kadhaa, hata wiki, kukuambia kwamba hajui. Sisi tulianza kushindana kutafuta maswali yatakayomshinda, tukajikuta tunasoma Bayolojia kuliko tulivyokusudia. Kwenye daftari pia hakuweka alama ya kosa. Aliweka alama ya kuuliza, nyekundu, kubwa. Daftari langu la kidato cha pili lilikuwa na alama hizo nyingi kiasi kwamba baba alipolifungua likizo aliniuliza ni mwalimu gani huyu asiyejua chochote.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mpole wakati wote. Ukimjibu kwa kukariri alikasirika kweli, akatoka nje kwenda kupumua. Akiwa na furaha aliimba, na uimbaji wake ulikuwa majanga. Kwaya ya walimu ilimweka nyuma kabisa, karibu na mlango, naye akadhani ni heshima. Alikunywa chai isiyo na sukari na kuwalaumu wanaoweka, kisha ukimkuta peke yake yuko na kipande cha sukari guru mkononi, anakitafuna taratibu. Nilimkuta hivyo mara mbili. Mara zote mbili alinimegea.

Swali kubwa la maisha yake lilikuja kwa posta. Mwanafunzi wake wa zamani aliyekwenda Denmaki kusomea uuguzi alimtumia kadi yenye picha: vinu vya upepo vyeupe, vyenye mapanga matatu matatu, vimesimama baharini kwa mstari kama wasichana kwenye gwaride. Vinu vya upepo tulivijua. Shule ilikuwa na kimoja cha bati kilichovuta maji ya kisima na kulia usiku na mchana. Ila hivi vya kwenye picha vilitengeneza umeme, na miguu yake ilikuwa ndani ya maji. Sisi tulishangaa vimesimamaje. Madam aliigeuza kadi, akaangalia nyuma, akaigeuza tena.

“Umeme ukishapatikana huko katikati ya maji,” akauliza, “unafika nyumbani kwa njia gani?”

Mwikali akasema kwa waya. Madam akauliza waya uko wapi, mbona kwenye picha hauonekani. Darasa likafikiri. Hodan, msichana mkimya aliyekaa mbele, akasema labda wameuzika chini, mchangani. Madam akakaa juu ya meza ya maabara, kitu alichotukataza sisi kila siku, akaishika kadi kifuani.

“Mchangani,” akasema. “Nyumbani kwa taa.”

Kuanzia hapo hatukupumzika. Je, waya unaopitisha umeme chini ya bahari unahisiwa na samaki ambao chakula chao hukitafuta kwa kuhisi umeme? Wataukimbia, na kuacha mahali walipozoea kulisha? Au wataufuata wakidhani kuna kitu cha kula, wafukue mchanga bure na kurudi na njaa? Hakuwa mtu wa kulaani mashine. Alituonyesha na upande wa pili: kwenye nguzo zile kome watashika, samaki wadogo watakuja, nyavu kubwa hazitapita karibu, na huenda papa na taa wakapata hapo chakula na utulivu. Upande mmoja kelele za kupigilia nguzo, upande mwingine kivuli na mlo. Aliandika pande zote ubaoni, akasimama katikati na chaki, na nakuambia sijamwona mtu mwenye furaha kuliko yule, kwa jambo ambalo halikumhusu kwa karibu hata kidogo.

Papa hatuna, alisema wiki iliyofuata, lakini kwenye bwawa la Masinga kuna kambare, na kambare naye ana hisi ya namna hiyo. Mashindano ya sayansi ya shule za wilaya yalikuwa muhula ule. Tungewapima kambare kwa niaba ya papa.

Baba yake Hodan alikuwa mfanyabiashara wa mifugo mjini, mtu wa asili ya Kisomali aliyeitwa Haji na kila aliyemjua, na lori lake lilikwenda Ndithini, upande wa Masinga, kila wiki kuchukua mbuzi. Madam alikwenda kwake mwenyewe, akaketi, akanywa chai yenye sukari tele bila kulalamika, akamweleza habari za waya, mchanga na taa kwa muda wa saa nzima. Hodan ndiye aliyetusimulia. Haji alisikiliza yote, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu mchanga, kisha akasema, “Mwalimu, mbuzi nimebeba, ng'ombe nimebeba, ngamia pia. Samaki mzima hii ni mara ya kwanza. Lakini yeye hana pembe, tutaelewana.”

Hawakuelewana sana. Kambare sita walipakiwa kwenye pipa la maji nyuma ya lori pamoja na mbuzi, na njiani mbuzi wakanywa maji. Lori lilipofika shuleni, pipa lilikuwa na matope kidogo chini na kambare sita wenye hasira, wazima kabisa, maana kambare huweza kuvuta hewa kama wewe na mimi. Mmoja aliruka mpaka miguuni kwa naibu wa mwalimu mkuu. Kila mtu alikimbia upande wake. Aliyemkamata ni Haji, kwa kilemba chake, naye akamkabidhi kwa Madam kwa mikono miwili, na Madam, aliyewaogopa samaki maisha yake yote, akampokea.

Tuliwaweka kwenye birika la saruji ambalo zamani lilinyweshea ng'ombe wa shule, refu, lililokaa kati ya maabara na jikoni. Mpishi mkuu, mzee mrefu wa Katelembo aliyetawala jikoni kwa mwiko mkubwa kama kasia, alitoka, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili.

“Hiyo ni nzoka, Madam,” akasema. “Iko na masharubu, lakini ni nzoka. Ikiingia kwa jikoni yangu, mimi natoka.”

Madam akamwambia kwamba hata yeye moyoni anaiita nyoka, na kwamba haitaingia. Wakaagana kwa heshima.

Kazi ilikuwa hivi. Tulimwaga mchanga chini ya birika, tukazika waya kila upande. Waya mmoja ulipata umeme kutoka kwenye dainamo ya baiskeli iliyozungushwa na mapanga tuliyokata kwenye mtungi wa plastiki na kuyasimamisha juu ya mti, kinu chetu cha upepo. Waya wa pili haukuwa na kitu. Kila baada ya dakika kumi, msichana mwenye zamu alitazama kambare wako upande gani na kuandika. Upepo wa mteremko ule haukutuangusha. Kwa wiki tatu tuliandika, na majibu yalikuwa mazuri ajabu: karibu kila mara, kambare walikuwa mbali na waya wenye umeme, wamejikusanya mwisho wa pili wa birika, upande wa jikoni.

Siku tulipojumlisha, Madam aliimba. Kisha akaketi kwenye ukingo wa birika, mahali ambapo wiki tatu nyuma asingekaa hata kwa kulipwa, akatuambia jambo ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu.

“Syana syakwa, wanangu, miaka ishirini na miwili nafundisha vitu walivyoona watu wengine. Moyo wa chura, mizizi ya mharagwe, papa, yote niliambiwa. Nilikuwa nataka kabla sijastaafu nijue kitu kimoja ambacho hakuna mtu ameniambia. Kimoja tu, hata kiwe kidogo.”

Alikuwa na machozi na hakuyaficha. Mwikali alimkumbatia. Mimi nilitazama maji, nikajisikia nimefanya kitu kikubwa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Siku mbili kabla ya mashindano, zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Nilifika mapema kuliko kawaida kwa sababu sikuweza kulala kwa kiherehere. Mpishi alikuwa amesimama kwenye birika, mwisho wa upande wa jikoni, na sufuria kubwa ya ugali wa jana mkononi. Alikuwa akikwangua ukoko, ile sehemu ngumu inayobaki chini, na kuutupa majini kipande kwa kipande. Kambare wote sita walikuwa pale, midomo juu, na yeye akizungumza nao kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayelisha wajukuu. Aliponiona alishtuka.

“Hata nzoka inasikia njaa,” akasema. “Nyinyi munaandika tu, hakuna mtu anapea hawa chakula.”

Ilikuwa kweli tuliwapa chakula kidogo, mara mbili kwa wiki, kwa sababu Madam alisoma kwamba hawahitaji zaidi. Na ilikuwa kawaida ya jikoni yetu kwamba ukoko hautupwi ovyo: ulikuwa wa mbwa wa shule, wanaolala nyuma ya maabara. Mzee yule alipowazoea kambare kidogo, aliwahesabu pamoja na mbwa, na kila asubuhi kabla ya zamu zetu na kila jioni baada yake, kwa karibu wiki zote tatu, aliwapelekea sehemu yao kwenye ukingo ulio karibu na mlango wake. Kambare hawakuwa wanaukimbia umeme. Walikuwa wanangoja chakula.

Niseme ukweli wangu. Nilifikiri kunyamaza. Nilitembea kutoka pale mpaka bwenini nikijiambia kwamba hakuna atakayejua, kwamba mashindano ni kesho kutwa, kwamba mwanamke yule amengoja miaka ishirini na miwili. Nilikaa na siri hiyo mpaka baada ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe sikukila. Halafu nilikwenda maabara, nikamwambia nikiwa nimesimama, haraka, nikitazama sakafu.

Alivua miwani. Kisha akachukua kijitabu chake akatoka, nami nikamfuata nikiogopa kwa ajili ya mpishi. Alimkuta anachagua maharagwe. Akavuta ndoo tupu akaketi mbele yake, akamuuliza, bila hasira yoyote, aliwalisha saa ngapi, upande gani, ukoko kiasi gani, na kama alikosa siku yoyote. Mzee akajibu kila kitu. Madam akaandika kila kitu. Mwisho akamshukuru, akamwambia kwamba katika watu wote wanaozunguka birika lile, ni yeye peke yake aliyewatazama kambare wenyewe, na sisi tulitazama waya.

Usinielewe vibaya, hakuwa malaika. Tulipotoka jikoni alipiga teke kopo la rangi likaenda kugonga ukuta. Lakini jioni ile alituita wote, akatueleza, akasema kazi ni yetu na sisi ndio tutasimama ukumbini, kwa hiyo tuamue sisi. Hodan akasema tukiwaambia tutashindwa. Madam akasema ndiyo, mtashindwa. Mwikali alichukua kalamu nene, akakata mstari juu ya jibu letu kwenye karatasi ya manila, na chini yake akaandika habari za ukoko.

Ukumbini niliongea mimi. Nilieleza waya, mchanga, papa na taa, kinu chetu cha mtungi, kisha nikasema kwamba hatujui kambare hufanya nini wakikutana na umeme, kwa sababu tulisahau kumuuliza mpishi. Kicheko kikaanza nyuma kikaja mpaka mbele. Jaji mmoja, mwanamume mwenye tai, akauliza sasa tumekuja kuwaonyesha nini. Mwikali akamjibu kwamba tumekuja kuwaonyesha jinsi mtu anavyoweza kukosea kwa wiki tatu akiwa na furaha. Jaji naye akacheka, ila alama hazikucheka. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho hawakufika.

Tulirudi tukiimba. Madam ndiye aliyeanzisha, vibaya kama kawaida yake, na Haji aliyetubeba kwa lori lake, ambalo siku hiyo halikuwa na mbuzi, alipiga honi mpaka getini. Lakini jua lilipokuwa linashuka nilimwona peke yake kwenye birika, amesimama tu, mikono mfukoni mwa sweta. Niliumia. Nilijua ninachokitazama: mtu aliyekuwa na kitu chake kimoja kwa siku chache, kisha akakirudisha. Mwaka uliofuata tulikuwa na mitihani, birika likakauka, kambare wakarudishwa Masinga kwa lori lile lile, safari hii wamefunikwa.

Yeye ndiye aliyenifanya niwe nilivyo leo, na simwambii mtu hilo kwa kusifu tu. Nafanya kazi pwani. Napima papa na taa wanaoletwa na wavuvi: urefu, uzito, jike au dume, wa aina gani. Mara ya kwanza kumshika taa mzima, bado anapumua, nilimgeuza nikatafuta vile vitundu kuzunguka mdomo, nikaviona, na nikalia mbele ya watu nisiowajua. Jioni hiyo nilimwandikia Madam barua. Alijibu kwa mistari minne, akiniuliza vilikuwa vingapi.

Alistaafu, akarudi Mwala. Miaka ilipita kabla sijaenda kumwona. Nilishuka sokoni, nikapanda bodaboda mpaka kwenye njia ya punda, nikatembea sehemu iliyobaki. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi nilizochapisha kazini, habari za watafiti wa Ulaya waliokuwa wanajaribu kujua papa na taa hufanya nini wakikutana na waya za vinu vya baharini. Nilizibeba kama zawadi. Nilikuwa nimejipanga kumsomea mimi mwenyewe, taratibu.

Alikuwa uani, amekonda, nywele nyeupe, sweta jipya ila la kijani vilevile. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama muda mrefu, akaniita mwana wakwa, akaniuliza habari za mama, za Mwikali, ambaye sasa ni wakili na bado anauliza, za Hodan aliyerithi malori ya baba yake. Tulikunywa chai. Nilimwalika pwani, nikamwambia nitampeleka mwenyewe, ataona bahari na ataona taa. Alisema atakuja Desemba, akataka kwanza nimhakikishie kama ufukweni kuna mahali pa kushika. Halafu nikatoa zile karatasi, nikamweleza ni za nini.

Aliweka kiganja juu ya karatasi kabla sijafunua ya kwanza.

“Rudisha kwa mkoba kidogo,” akasema. “Nitazisoma zote, usiwe na wasiwasi. Lakini usiniambie chochote saa hii. Kuja kwanza.”

Nyuma ya nyumba, upande unaoteremka kwenye bwawa la mchanga ambapo majirani huchota maji, kulikuwa na mabirika matatu ya saruji, yamepangwa vizuri, kila moja na paa lake la mabua ili jua na kivuli visitofautiane. Kwenye rafu kulikuwa na madaftari ya shule, yale ya kurasa tisini na sita, marundo mawili. Alikuwa ameendelea kwa miaka minne. Chakula kilitolewa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na waya wenye umeme ulihamishwa upande kwa kurusha mbegu ya mchezo wa ajua, yaani bao, akiwa ameweka alama upande wake mmoja. Hakuna aliyeruhusiwa kukaribia isipokuwa yeye. Kijana wa jirani aliyewahi kuwatupia mkate alifukuzwa, akasamehewa, na tukio lake likaandikwa.

Aliniambia kambare wa kwenye birika la tatu amefika asubuhi hiyo hiyo na hajawahi kukutana na waya. Akaunganisha betri. Kisha mwanamke huyu, mwenye miaka zaidi ya sitini, akalala kifudifudi kwenye ukingo wa saruji, kidevu juu ya mikono, uso wake karibu uguse maji, akanionyesha kwa kichwa nilale kando yake. Nikalala na nguo zangu za safari.

Tulingoja sana. Kambare alizunguka birika akifuata ukuta. Alipita juu ya waya usio na kitu bila kupunguza mwendo. Alipofika juu ya ule mwingine, alisimama. Masharubu yake yote yalishuka, akayapitisha juu ya mchanga taratibu, akaingiza pua, akafukua, wingu la matope likapanda. Hakupata kitu. Akaondoka, akazunguka, akarudi pale pale, akafukua tena.

“Leo atarudi mara nyingi,” Madam akanong'ona. “Kesho mara chache. Siku ya nne, ya tano, atapita hapo kama anapita jiwe. Wote wamefanya hivyo, hata wale nilitaka wasifanye. Anadanganyika, halafu anajifunza. Papa sijui. Taa sijui, hao ni wako. Lakini huyu namjua.”

Nilimgeukia. Alikuwa anatabasamu mpaka macho yamefichika. Kambare akaja mara ya tatu, akasimama juu ya waya, akashusha masharubu. Madam akanishika kiwiko kwa nguvu mpaka akahakikisha nimeona. Kisha akaniachia, akatoa penseli nyuma ya sikio akanipa.

“Sasa tuko wawili,” akasema. “Andika saa.”